Viungo vya Mshazari na Kidole Gumba cha Senge Selpha

Nimestaafu, lakini sijachoka. Macho yangu bado yanatia uzi kwenye sindano bila miwani, na asiyesadiki alete sindano na uzi. Nimeondoka kwenye karakana kwa hiari yangu, nikiwa fundi bora wa mifarishi katika kaunti hii, na sioni haya kusema hivyo kwa sababu sijasikia mwingine akijitokeza kubisha. Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki Kakamega na mashine zangu. Nimesikia kwamba nilipofungasha tu, mtu fulani alipendekeza kanda za ukingo ziwe zinaunganishwa ncha kwa ncha, kwa mshono ulionyooka, ili kazi iende haraka. Sitamtaja jina. Anajijua, na anakaa karibu na dirisha.

Nilizaliwa Khwisero, kwa watu wa jembe, na cherehani ya kwanza niliyoigusa ilikuwa ya kanisa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyenipigia simu. Nilifika Uingereza kama mtunza wazee. Nikawa nawageuza wazee wa watu vitandani mwao huku nikiangalia mifarishi waliyojifunika. Ninyi mnajua mfarishi ni nini, lakini maandishi husafiri, kwa hiyo nitamweleza asiyejua. Ni blanketi la matabaka matatu: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa kwa mpango, katikati pamba, chini kitambaa kizima, na yote yameshonwa pamoja. Kando yake huzungushiwa ukanda mwembamba unaofunga matabaka yasichungulie. Huo ndio ukingo. Watu husifu vipande vya katikati. Mimi huangalia ukingo kwanza, na hata leo nikiingia nyumba ya mtu mwenye mfarishi, shingo yangu hugeukia ukingoni yenyewe.

Katika mji wa Leicester nilipata kazi kwenye karakana ya matandiko. Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Msimamizi alikuwa mzee wa Kihindi, Karsan, aliyezaliwa Kisumu na kuondoka akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kimetundikwa bila kuvaliwa kwa miaka kama suti ya harusi. Aliposikia jina langu alisimamisha mashine.

"Truphena? Wewe toka wapi?"

"Kakamega."

"Kakamega! Mvua iko bado?"

"Iko, kila alasiri."

"Wacha fagio. Kuja, kaa hapa."

Hivyo mvua ya Kakamega ndiyo iliyonipandisha cheo, na hicho ndicho cheo pekee nitakachokitaja katika maandishi haya.

Alinipa kanda mbili niziunganishe. Nikazishona ncha kwa ncha, kama mtu yeyote mwenye akili asiyefundishwa angefanya. Mzee Karsan aliukunja ukanda kwa urefu wake, kama ukingo unavyokunjwa, akaupindua juu ya kando ya mfarishi, kisha akapabana penye kiungo kwa vidole viwili.

"Hii iko nini?" akauliza. "Iko mlima?"

Na kweli palikuwa na kilima. Mshono ulionyooka ukiukunja unajilalia wenyewe, halafu ukiupindua unajilalia tena, na mikunjo yote inarundikana mahali pamoja. Sindano ikifika hapo inaruka au inavunjika. Mshono wa mshazari, unaokwenda kutoka kona hadi kona, husambaza unene huo kidogo kidogo. Hebu fikirini wabeba jeneza. Wakisongamana wote upande mmoja, hata maiti hana amani. Wakijipanga, jeneza linakwenda na hakuna anayejikwaa.

Mzee Karsan alikuwa na amri moja ambayo ningetaka mwiandike ukutani: "Chora, shona, fungua, angalia, ndio kata." Jioni nilisoma chuoni hadi nikapata diploma ya ushonaji na usanifu wa vitambaa, yenye muhuri, tena muhuri mkubwa. Nilipomwonyesha alisema, "Karatasi hapana shona, mama." Nikamjibu kwamba karatasi haishoni lakini hufunga midomo. Sote wawili tulisema kweli, ila mimi nilisema kweli zaidi.

Nilirudi nyumbani kwa kupenda. Hili huwasumbua watu sana. Wangefurahi kusikia kwamba nilifukuzwa. Nilikodi chumba kando ya barabara ya kwenda Mumias, nikatundika diploma mahali ambapo mteja angeiona kabla hajaniona mimi, nikaweka mashine. Jirani yangu alikuwa Fundi Amos, mshonaji wa sare za shule, mtu mwema asiyejua kunyamaza. Aliingia siku ya kwanza, akanikuta nakata kitambaa kipya vipande vya mraba.

"Dada, hicho kitambaa kimekukosea nini?"

"Nashona mfarishi."

"Watu wanaendanga Ulaya wakirudi na gari. Wewe umerudi kutushonea matambara?"

"Na wewe je, uliyebaki? Umeshona kaptura ngapi zikapasuka kabla ya muhula kwisha?"

Alicheka, akaazima chaki. Hajairudisha.

Lakini Amos alisema wazi yale ambayo mji mzima ulikuwa ukiyafikiri. Kwetu kiraka ni umaskini. Mtoto mwenye kiraka kwenye suruali huchekwa, na mama yake hukesha akikificha. Sasa mimi nikatokea nikikata nguo nzima kwa makusudi ili niijaze viraka. Wengine waliniombea. Mama mmoja wa kanisani alinishika mkono na kuniambia kwa upole kwamba Mungu atanifungulia mlango. Nilimwambia mlango uko wazi, aingie achague rangi.

Fundi wangu wa kwanza alikuwa Jentrix, ambaye sasa ndiye msimamizi wenu. Kosa lake la mwanzo mnalijua kwa sababu nanyi mmelifanya nyote: alishona mshazari kwenye kona zisizo zake. Narudia hapa kwa mara ya mwisho. Ukanda wa kwanza ulaze mezani, uso juu, ncha yake ikiishia mkono wako wa kulia. Wa pili uulaze juu ya ncha hiyo, uso chini, ukishuka kuelekea tumboni kwako, ili kanda hizo mbili zifanye pembe iliyo sawa kama kona ya meza. Acha ncha zipite kidogo, zisikatikie hapo hapo. Sasa chora mstari kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, pale pale kingo zinapokutana, si karibu napo. Bana kwa pini. Shona juu ya mstari. Ukishona kwenye kona zile nyingine mbili, ukanda utageuka na kurudi ulikotoka, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ndiyo maana unafungua kwanza na kuangalia. Ukiuona umenyooka, kata kona iliyobaki nje, ukiacha robo inchi. Kisha utandaze mshono, nusu huku nusu huku, upige pasi. Vimasikio vya kitambaa vinavyochungulia pembeni vikate pia. Umeme ukipotea, na mvua ya alasiri huupenda sana umeme wetu, pasi ya makaa iko chini ya meza. Ipulizieni majivu nje, si ndani. Nimeshapoteza kitambaa cheupe kwa mtu aliyepulizia ndani.

Jentrix aliniuliza siku moja, "Lakini Madam, nani ataona?"

Swali hilo nililijibu kijijini Mautuma, na jibu lenyewe nitawaeleza vizuri kwa sababu kila mtu hulisimulia vibaya.

Evans alikuwa dereva wa trekta la miwa, kijana mrefu aliyeinama kupita mlango wangu. Alitaka kumwoa Lilian wa Mautuma. Lilian alilelewa na nyanya yake, kukhu, na alikuwa ameuona mfarishi wangu kwa rafiki yake, akachagua rangi za wake hata kabla ya kuja dukani. Alitaka siku ya kupeleka mahari kukhu apewe huo badala ya blanketi la kawaida. Kwa Evans hilo lilikuwa jambo rahisi, isipokuwa kwa Senge Selpha, shangazi wa Lilian; kwetu shangazi ndiye senge.

"Huyo senge wa Lilian ndiye huangalianga zawadi," Evans aliniambia, ameketi kwenye ukingo wa kiti. "Blanketi huanzia ukingoni. Anapitisha kidole gumba, anazunguka lote. Wale waliokuja kwa dada ya Lilian, alisikia mahali pameungwa."

"Akafanyaje?"

"Akasema limetengenezwa, ni mtumba. Kama mmeleta mtumba, basi mnamwona msichana wetu ni mtumba. Akawarudishia."

"Na harusi?"

"Harusi gani, Madam? Hao watu hawajarudi mpaka leo."

Jentrix alinitazama. Fundi Amos, aliyekuwa mlangoni kama kawaida yake, akatoa ushauri bila kuombwa. "Nunua kitambaa kirefu, kata ukanda mmoja mzima, usiwe na kiungo hata kimoja. Senge ataguza atachoka."

Ushauri ulikuwa na akili, na kwa dakika moja Evans aliupenda. Mimi niliukataa pale pale. Ukanda hata ungetoka Kakamega hadi Mumias, ukizungushwa kwenye mfarishi mwisho wake lazima ukutane na mwanzo. Kiungo kimoja kipo, hukwepi. Na kama nitamwogopa senge wa Mautuma kwa kiungo kimoja, kwa nini nilivuka bahari? Nilimwambia Evans ataupata ukingo wenye viungo vyote vinavyotakiwa, na senge apitishe kidole, na dole la mguu akitaka.

"Madam," Evans akasema taratibu, "ni ndoa yangu."

"Najua. Ndiyo maana naushona mwenyewe."

Nilikata kanda za inchi mbili na nusu, rangi ya kahawia iliyokolea. Nilichora kila mstari kwa penseli kali, kwa sababu chaki butu ina unene na unene huo utauona mwishoni. Viungo vya kati vilikwenda vizuri. Kigumu ni kile cha kufungia, pale ukanda unapojirudia ukiwa tayari umeshonwa kwenye mfarishi. Mnaacha mikia miwili bila kuishona. Mnaipishanisha kwa upana ule ule wa ukanda, si zaidi, si pungufu, mnakata. Halafu mnaifungua na kuilaza kwa pembe kama kawaida, huku mfarishi mzima umejikunja mapajani kama ng'ombe anayekataa dawa. Hapo ndipo ukanda hupenda kujisokota. Niliubana kwa pini, nikaukunjua, nikauangalia, nikaubana tena. Umeme ukaenda. Jentrix akawasha makaa bila kuambiwa, na hapo nikajua nimepata mrithi, ingawa sikumwambia, asije akavimba kichwa. Vichwa vilivyovimba kwenye chumba kile vilikuwa vinatosha.

Siku ya safari Evans alisisitiza niende nao. "Akiuliza, nani atamjibu?" alisema. Nilivaa gauni langu la diploma.

Nyumbani kwa kina Lilian tulipokelewa vizuri, tukaketishwa upande wetu, wao upande wao. Msemaji wetu alikuwa mjomba wa Evans, mzee wa maneno mengi na kikohozi cha heshima. Kukhu aliketi kwenye kochi karibu na mlango, mdogo, amejikunyata ndani ya sweta mbili. Senge Selpha alikuwa mwanamke mpana mwenye mikono ya mtu aliyelima. Zawadi zikaanza kutolewa. Koti la baba likasifiwa, sukari ikapokelewa, kisha mfarishi ukafunuliwa.

Watu wakanyoosha shingo.

"Mulembe tena, wageni," alisema Senge, kama anayetusalimu upya baada ya kutuona vizuri. "Hivi ni viraka?"

Mjomba akakohoa. "Senge, hiyo ni kazi ya kisasa, ya..."

"Nimeuliza hivi ni viraka?"

Wanawake wa upande wetu hawapaswi kuzungumza badala ya msemaji. Nikasimama. "Ni viraka, Senge. Nimevikata mimi."

"Kutoka nguo gani kuukuu?"

"Kutoka kitambaa kipya kabisa. Kilikuwa kizima."

"Umechukua kitambaa kizima, ukakikatakata, halafu ukakishona kiwe kizima tena?"

"Ndiyo."

"Kwani huko kwenu hamna miwa ya kupalilia?"

Chumba kizima kilicheka, na mjomba wetu akacheka pia, msaliti yule. Evans hakucheka. Alikuwa ameshika magoti yake kama mtu aliye kwenye gari lisilo na breki.

Senge akauvuta mfarishi mapajani. Akatafuta ukingo, akaweka kidole gumba juu na cha shahada chini, akaanza. Kidole kilikwenda polepole upande wa kwanza, kikapinda kona, kikaenda wa pili. Aliporudi alipoanzia hakusimama. Alizunguka tena, safari hii amefumba macho. Kisha akaniangalia.

"Huu ukanda hauna mwanzo?"

Mjomba alinionyesha kwa macho ninyamaze. Ningenyamaza, mambo yangekwisha pale: ukanda mzima, blanketi jipya, tuendelee na ng'ombe. Lakini sikuvichora viungo vile kwa penseli kali ili vikanwe.

"Una mwanzo, una mwisho, na una viungo saba katikati," nikasema. "Umevipita vyote mara mbili."

Evans alitoa sauti ndogo.

"Unaniambia pameungwa?" Senge aliuliza. "Nyumbani kwangu? Mbele ya watu?"

"Nakuambia kwa sababu pameungwa vizuri. Lete kidole."

Niliuvuka mkeka uliotenganisha pande zetu mbili, jambo ambalo pia halifanywi, nikapiga magoti mbele yake na kukiweka kidole chake juu ya kiungo. Hakusikia kitu. Nikakigeuza kidole kifuate mshazari, kutoka kona hadi kona, na hapo akasikia. Uso wake ukabadilika. Akatafuta cha pili mwenyewe. Akakipata. Akatafuta cha tatu.

"Umeulaza mshono," alisema, zaidi kwa nafsi yake.

"Nimeulaza."

"Wale wengine walikuwa wameusimamisha." Aliendelea kupapasa. Kisha akaweka mfarishi chini na kuzungumza kwa sauti ya mkutano. "Sikilizeni. Ukingo nimeupokea. Hapo katikati bado ni viraka. Huyu mama atushonee mwingine wenye ukingo huu huu, lakini katikati kitambaa kimoja kizuri, tumalize."

Mjomba wetu alishukuru haraka haraka, tayari amekubali kwa niaba yangu. Njia ya kutokea ilikuwa hiyo, pana kama barabara ya Kisumu.

"Hapana," nikasema.

"Madam!" Evans alininong'oneza, na sijawahi kusikia neno hilo likisemwa kwa uchungu kiasi kile.

"Senge, rangi hizi Lilian alizichagulia kukhu wake, moja moja. Nikizitoa, nimetoa za Lilian nikaacha zangu. Ukingo wangu hauendi popote bila katikati yake. Uupokee wote au uurudishe wote, na ukiurudisha, kosa ni langu, kijana huyu hana hatia."

Senge Selpha alinikazia macho. Kisha akawageukia ndugu zake.

"Mnamwona huyu? Anaweza kudanganya nikubali, anakataa. Anaweza kushona mwingine apendeke, anakataa. Mtu mkaidi namna hii hawezi kuleta mtumba kwa siri. Angeuleta na kutangaza." Akauinua mfarishi, akamtupia kukhu miguuni. "Mama, jifunike. Tuongee habari ya ng'ombe."

Kukhu alikuwa ameshajifunika kabla sentensi haijakwisha. Nikarudi mahali pangu, nikanyamaza hadi chakula, na mjomba alisema baadaye kwamba huo ndio mchango wangu mkubwa zaidi siku ile. Evans na Lilian walioana. Nilipopewa ingokho, yaani kuku, kipande changu kilikuwa paja.

Miwa ilipokuwa imeshakatwa msimu ule, Senge Selpha aliingia dukani kwangu bila kubisha hodi, amebeba mfuko. Alimwaga juu ya meza vitambaa vipya, vizuri, vya rangi alizozichagua mwenyewe, kila kimoja kizima kikiwa bado na mikunjo ya dukani. Jentrix alisimama. Amos alikuja mlangoni.

"Nimejaribu nyumbani," Senge alisema. "Nimevitandaza kitandani, nimeshika mkasi, mkono umekataa. Mimi nimelelewa kuambiwa kitu kizima hakikatwi. Vikate wewe."

Ningeweza kuvikata kwa dakika chache. Niliweka rula juu ya kitambaa cha kwanza, nikaishikilia kwa mkono wangu isiteleze, nikampa mkasi.

"Kata, Senge. Sisi hatuna haraka."

Alisema jambo kwa Kiluhya ambalo sitaliandika. Kisha akakata.